Kutunza maji matamu kisiwani: tuanze juu ya kisima, si ndani yake

Nimewahi kuua kisima. Kilikuwa cha familia, kimechimbwa na babu upande wa mashamba nyuma ya mji wa Amu, yaani Lamu. Mwaka huo kiangazi cha kaskazi kilituchoma na ndoo ikawa inarudi na tope. Nikaita vijana wawili, nikawaambia wateremke dhiraa tatu zaidi. Juma la kwanza maji yalijaa, nikajiona fundi. Juma la tatu mama mkubwa alionja uji, akauliza, "Mwanangu, munyu umetia mara ngapi?" Sikuwa nimetia hata chembe. Kisima kile hakikurudi utamu wake mpaka masika mawili yalipopita, na kabla ya hapo ilibidi nirudishe mchanga na mawe katika zile dhiraa tatu nilizozitoa kwa jasho.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kisima, jabia (sakafu ya kutegea mvua na tangi lake) au paa katika visiwa vya Lamu, na wa kamati ya msikiti au ya mtaa inayosimamia maji ya watu wengi. Wa bara, Mokowe, Hindi au Mpeketoni, atafaidi baadhi tu, kwa sababu maji yake yanakaa namna nyingine.

Jua kwanza umekalia nini

Mvua inayonyesha kisiwani huzama mchangani na kutua juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, basi huelea juu yake kama tui zito juu ya tui jepesi. Umbo lake ni la dengu: nene katikati ya kisiwa, jembamba ufukweni. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 nyingine zinazoibeba.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniangusha. Ukishusha uso wa maji kisimani kwa nusu mita na kuuacha hapo kwa muda mrefu, maji ya chumvi yaliyo chini yanaweza kupanda mita 20 kukufuata. Na chumvi haihitaji kuja nyingi. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tia lita tatu za bahari katika lita 97 za maji ya mvua, na tayari umefika gramu moja kwa lita, kiwango ambacho watu wengi huanza kuyakunjia uso.

Ng'ambo ya mkono wa bahari, kisiwani Manda, magofu ya Takwa yanajulikana na kila mtoto aliyewahi kwenda huko kwa ziara ya shule. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Huko Gedi, karibu na Malindi, wachimbuaji walikuta kisima kilichoongezwa kina, na kushuka kwa maji ya chini ni mojawapo ya dhana za kwa nini watu waliondoka. Sisemi Amu itahamwa. Nasema tu kwamba kuongeza kina ni dawa ambayo wenzetu waliijaribu kabla yetu.

Hatua ya 1: Tembea ardhi inayolisha kisima chako

Fanya hivi kabla ya kununua saruji au pampu. Malindi wana kazi ngumu kuliko yetu. Maji yao mengi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, na mto huo huanzia mbali kabisa, kwenye nyanda karibu na Nairobi, ambako huitwa Athi. Mkulima aliyelima mteremko kule juu bila matuta ndiye anayeigeuza bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa kila mvua kubwa inaponyesha. Mtu wa Malindi hawezi kumwendea. Sisi wa Amu ardhi inayotunywesha tunaizunguka kwa miguu kati ya alasiri na magharibi.

Kwa mji wa Amu na Shela ardhi hiyo ni vilima vya mchanga vinavyoanza nyuma ya Shela na kufuata ufuo kuelekea Kipungani. Ule mchanga mweupe ambao wageni wanaupiga picha ndio tangi letu. Mvua ikianguka pale haina pa kukimbilia, inazama. Visima vinavyolisha mifereji (mabomba) ya mji vimechimbwa kwenye mchanga huohuo.

Chukua karatasi. Chora kisima chako katikati, kisha uandike kila kitu ulichokiona ndani ya hatua mia mbili: vyoo, mazizi ya punda, majaa ya taka, nyumba mpya, visima vingine, mashine za kuvuta maji, mahali watu wanapochota mchanga wa kujengea. Weka mshale kuonyesha upande ilipo bahari. Maji ya chini hutembea polepole kutoka kwenye mwinuko kwenda baharini, kwa hiyo kinachokuhusu zaidi ni kile kilicho upande wa juu, upande wa vilima. Choo kilicho baina yako na bahari si kitu kizuri, lakini choo kilicho baina yako na kilima kinakuja kwako.

Hatua ya 2: Pima, na uandike

Vifaa ni vitatu: kamba yenye jiwe na mafundo kila robo mita, kipima chumvi cha mkononi (kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji, ni kidogo kama kalamu), na daftari.

Mara moja kwa juma, asubuhi kabla mtu hajateka, shusha kamba mpaka jiwe liguse maji, uandike kina. Teka ndoo, uandike chumvi. Kipimo husoma miligramu kwa lita: chini ya 600 maji ni mazuri kwa ladha, zaidi ya 1000 watu huanza kulalamika. Kama huna kipimo, ulimi wa mtu mmoja, yuleyule kila juma, ni bora kuliko ndimi kumi zinazobishana.

Kisima kilicho karibu na bahari hupumua na maji kujaa na kupwa. Ukipima bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, juma hili, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, juma lijalo, utadhani kisima kimekauka kumbe ni mwezi tu. Basi andika pia hali ya bahari, au pima siku zile zile za mwezi mwandamo. Wavuvi hawahitaji kufundishwa hili, ila wenye digrii ndio wanaolisahau.

Baada ya mwaka mmoja daftari litakuambia jambo ambalo macho hayaoni. Maji yakishuka wakati wa kaskazi na kurudi baada ya masika, hiyo ni kawaida. Maji yakirudi juu lakini chumvi isipungue, mnavuta kupita kiasi, au jirani yenu anavuta.

Hatua ya 3: Badilisha namna ya kuteka

Ndoo na kamba haikuua kisima hata siku moja. Pampu ndiyo inayoua, na si kwa sababu pampu ni haramu. Inavuta kwa saa moja kile ambacho ndoo ingevuta kutwa, na ile chumvi ya chini hupanda moja kwa moja chini ya bomba kama kichuguu.

Ikiwa lazima mtumie pampu, chagueni ndogo. Bomba lake lining'inie karibu na uso wa maji, lisifike chini. Vuteni kidogo asubuhi, pumzisheni, vuteni kidogo jioni, mtie kwenye tangi la juu. Visima viwili vipana na vifupi vilivyoachana vinatoa maji matamu zaidi kuliko kimoja kirefu. Na maji yakipungua, msichimbe chini. Panueni pembeni, au mchimbe kingine kuelekea mwinukoni.

Kuchimba kisima kipya cha mashine kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Watu wanaliona hilo kama usumbufu. Mimi nimeligeuza: kila mara kisima cha mashine kinapoanza kuchimbwa mtaani kwetu, nauliza kwa adabu kuona kibali. Mara moja mwenye mashine alifunga virago siku ileile.

Jambo moja kuhusu mabwawa ya kuogelea. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, linakula lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Na bahari iko pale, hatua hamsini. Mwenye nyumba ya wageni akikuambia hawezi kujaza bwawa kwa maji ya bahari, mwambie wapo wenzake duniani wanaofanya hivyo.

Hatua ya 4: Choo, punda na kisima visikutane

Masafa yanayopendekezwa baina ya choo cha shimo na kisima ni mita 30 au zaidi, na sakafu ya shimo ibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Mchangani na kwenye miamba ya matumbawe, ambako uchafu hupenya upesi, ongeza unavyoweza. Ndani ya mji mkongwe masharti haya hayawezekani: nyumba za mawe zimebanana, ukuta mmoja wa wawili, choo cha huyu kinaegemea kisima cha yule. Kwa hiyo uamuzi ni wa matumizi. Kisima cha ndani ya mji ni cha kufulia, kudekia na kutawadhia. Cha kunywa kitoke kwenye mfereji wa bomba, paa au jabia, na hata hicho kichemshwe mpaka kitokote sawasawa.

Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, msichimbe shimo refu la choo. Jengeni choo kilichoinuliwa, shimo lake likae juu ya ardhi ndani ya kuta za mawe zilizopigwa lipu, na lizolewe likijaa. Inaonekana ni ghali mpaka uhesabu safari za hospitali.

Kisima chenyewe kipewe heshima yake:

- ukuta wa kuzunguka unaofika kiunoni, ili maji ya mvua na watoto wasiingie;
- kifuniko, hata cha mbao;
- sakafu ya saruji ya mita moja na nusu kuzunguka, yenye mteremko wa kuelekea nje, na mtaro unaopeleka maji yaliyomwagika kwenye mgomba au mpapai mbali na kisima;
- ndoo moja ya kisima, inayoning'inia, isiyoguswa na mchanga wala kubebwa nyumbani.

Punda wanywe kwenye hori lililo upande wa bahari, mbali na sakafu. Kwetu hawa ni gari, ni lori na ni teksi, hakuna anayetaka kuwafukuza. Lakini nimeona punda watatu wamefungwa kwenye mti ulio upande wa juu wa kisima cha watu sitini, na mavi yao yakisubiri mvua.

Ladha haitakuambia kama kuna vijidudu. Mwombeni afisa wa afya ya umma wa kaunti achukue sampuli, hasa baada ya mvua za kwanza.

Hatua ya 5: Lindeni mchanga

Ningeweza kuifanya hii kuwa hatua ya kwanza, ila watu hawalipendi jambo lisiloshikika. Mchanga wa vilima hufanya kazi tatu kwa pamoja: unapokea mvua, unaichuja, na uzito wa maji yaliyomo unaisukuma bahari ibaki pembeni. Ukiuchota kwa kujengea, unapunguza tangi. Ukijenga juu yake, umeweka kifuniko kwenye mdomo wa tangi na choo ndani yake.

Kinachoshika mchanga usipeperushwe na kusi ni majani, hasa mlakasa, ule mmea utambaao wenye maua ya zambarau. Ukiona mahali pameparuzwa na njia ya miguu au mifugo, zungushieni matawi makavu kwa msimu mmoja, kata vipande vya mlakasa vyenye vifundo, mvifukie mvua zinapoanza. Hakuna kumwagilia. Mkipata njia moja ya kupita watu kwenda ufuoni, iwekeni alama, na nyingine zifungwe.

Kwa kiwanja kilichokwisha kujengwa, usiache maji ya paa na ua yakimbilie baharini. Chimba handaki fupi upande wa chini wa ua, lijaze vipande vya matumbawe, uelekeze maji humo yazame. Maji ya jikoni na ya kufulia yasiingie handaki hilo.

Shambani, minazi na miembe haina shida. Shida ni mbolea ya dukani na dawa za kuulia wadudu kwenye mchanga mtupu: mvua moja na zimo kisimani. Tumia samadi iliyooza, kidogo kidogo, na usiilundike upande wa juu wa kisima. Kwa ndugu zetu wa Mpeketoni, utepe wa majani na miti kandokando ya Ziwa Kenyatta unafanya kazi ileile. Kulima mpaka ukingoni kunaleta udongo ziwani, na ziwa likijaa udongo hubaki na kina kifupi ambacho jua la ukame mmoja linalimaliza.

Hatua ya 6: Jabia

Pate, Siu, Faza, Kizingitini, Mbwajumwali: huko watu wameishi kwa jabia, kwa sababu visima vingi havinyweki. Jabia ni sakafu pana iliyopigwa lipu, yenye mteremko, inayotega mvua na kuipeleka kwenye tangi lililofunikwa. Wengi wanajenga bila hesabu, kisha wanalaumu mvua.

Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua sakafu ya mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150. Tuseme mwaka umeleta milimita 900, na tuondoe sehemu moja ya tano inayorushwa au kukaushwa na jua. Mnapata lita 108,000, sawa na mitungi 5,400.

Kijiji cha nyumba 30 kikichukua mitungi mitatu kila nyumba kwa siku, jabia hiyo inakwisha siku ya 60. Kikichukua mtungi mmoja mmoja, inafika siku ya 180. Ndiyo maana nasema jabia iwe ya kunywa na kupika, na kisima cha munyu kibaki cha kufua na kuoga. Kuyachanganya matumizi hayo mawili kumewamaliza watu wengi kuliko ukame.

Tangi nalo lipimwe kwa kiangazi, si kwa pesa iliyopo. Nyumba 30, lita 20 kila moja, siku 120 za kaskazi: lita 72,000. Hilo ni tangi la mita 6 kwa 4 kwa 3. Jabia yenye sakafu kubwa na tangi dogo ni kama kukinga mvua kwa kikombe.

Katika ujenzi, msitumie mchanga wa ufuoni bila kuuosha. Chumvi iliyomo hula nondo, na baada ya miaka michache zege linavimba na kupasuka. Chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, kama walivyotumia wazee, haina nondo ya kuliwa, na lipu yake inatengenezeka kwa mkono. Tangi lifunikwe kabisa, tundu la hewa lizibwe kwa wavu wa mbu. Katika mabirika, yaani matangi ya maji, ya majumba ya zamani walifuga visamaki vya kula mabuu ya mbu, na chini ya birika walipachika bakuli ili maji yakikauka samaki wabakie na pa kukaa. Mimi bado ninao wawili.

Hatua ya 7: Andikianeni

Visima vyote vya mtaa vinachota kwenye dengu moja ya maji matamu. Ukitunza chako na jirani akavuta kwa mashine usiku, umemtunzia yeye. Sheria ya Maji inaruhusu kuunda chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, na chama hicho kinaweza kukubaliana na Mamlaka juu ya utunzaji wa eneo. Msianze na katiba ya kurasa thelathini. Anzeni na karatasi moja inayosema nani anavuta saa ngapi, lita ngapi, nani ana daftari, na chumvi ikifika kiwango gani pampu zote zinazimwa. Kwetu tuliandika miligramu 900 kwa lita. Mwenye nyumba ya wageni, imamu, mwalimu wa madrasa na mwakilishi wa kina mama wanaoteka wote watie sahihi. Hao wa mwisho ndio wasiopaswa kukosekana, maana wao ndio wanaoujua utamu wa kila kisima kwa jina.

Mawingu yakianza kukusanyika

Siku kumi kabla ya masika, kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, fagieni paa na sakafu ya jabia, zibeni nyufa kwa chokaa, safisheni gata (mfereji wa paa), na ondoeni kinyesi cha kunguru. Punda na mbuzi wasipite hapo tena. Mvua ya kwanza iacheni imwagike nje. Kwa paa la mita za mraba 60, milimita moja ya mwanzo ni lita 60, mitungi mitatu ya vumbi. Mtu mmoja akae zamu ya usiku, kwa sababu mvua ya kwanza hupenda kuja saa nane za usiku watu wakiwa wamelala, na akiona maji yanayotoka kwenye gata yamekuwa meupe, ageuze bomba liingie tangini.

Kwetu zamu hiyo ni yangu. Nadhani ni adhabu ya kile kisima.